Tonge la Kwanza la Kasata

Mawaleh, Mascat
5 Septemba 2024

Mdogo wangu Kheiria,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Pokea salamu za nyumba nzima, wazima na wanaojidai wagonjwa. Joto la mwaka huu limetutia adabu, lakini tupo. Shemeji yako Saud hajambo ila goti. Daktari kamwambia apunguze uzito, naye kaona bora apunguze kwenda kwa daktari. Kaka Bakhit yuko kulekule Amerat na kondoo zake. Anasema tangu astaafu ni wao tu wanaomsikiliza. Mumeo Hatem hali yake? Na mama mkwe wako, bado anazipanda zile ngazi zote peke yake?

Utashangaa nimeshika kalamu. Simu yangu kaiweka sawa Raghad, na namba ya siri anayo yeye. Kila ninachokuandikia humo mwanangu anaweza kukisoma akiwa amelala kitandani kwake. Barua hii ataipeleka posta Saud, na Saud hasomi hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa yake.

Raghad anaolewa, Alhamisi tarehe 23 Januari, inshallah. Unajua. Nasikia ulijua siku mbili kabla ya baba yake. Taimur ni kijana mzuri, ana heshima, na mama yake hazungumzi sana, jambo ambalo ni neema. Ukumbi tumepata. Nguo inashonwa. Nilidhani lililobaki ni keki tu, na keki si jambo la kujadiliwa nyumbani kwangu.

Unaijua ada yetu, aliyoianza marehemu mama. Bibi harusi anakata keki mwenyewe, na tonge la kwanza anamlisha kwa mkono wake yule aliyeipika, mbele ya wanawake wote. Tangu mama atangulie mbele ya haki ninapika mimi. Nimelishwa na mabibi harusi kumi na saba wa ukoo huu, Kheiria. Wengine nimewatia nepi. Kila nilipofunua kinywa nilisema moyoni, bado mmoja, bado wangu.

Juzi nimekaa na Raghad namwonyesha picha za keki. Akaniambia, "Mama, mimi nnataka ile keki ya Kitaliana ya mamdogo, kasata. Na tonge la kwanza ntampa yeye, si ndiyo ada yetu?" Alisema huku anatafuna tende. Tangu arudi kutoka kwenu mwezi wa saba ndivyo alivyo. Kahawa anainywa kwa kusimama. Chumvi nikizidisha, "mamdogo hatii hivyo". Mwaka mmoja wa masomo, na mimi niliyemlea miaka ishirini na mbili nimekuwa mpishi wa mkahawa.

Usidhani nina wivu. Wivu wa nini? Ninakuomba jambo dogo tu. Niandikie namna ya kuipika hiyo kasata, kila kitu, usibakize. Nitaipika mimi. Safari ni ndefu na Januari huko kwenu ni baridi, kwa hiyo usijisumbue.

Dada yako,
Mastura


Palermo
28 Septemba 2024

Kwa Da Mastura,

Waalaykum salaam, na dua nyingi. Barua yako imechukua wiki tatu na imefika imeloa pembeni, lakini kila neno linasomeka. Sisi tu wazima. Hatem anaota mvi na anafurahi, anasema sasa atafanana na watu wenye akili. Mama mkwe anapanda ngazi zake, ghorofa nne, na akifika juu ananitukana mimi kwa kukaa juu. Ana miaka themanini na mitano.

Hongera kwa Raghad. Mungu amjaalie kheri. Nilifurahi nilipojua, na ni kweli nilijua mapema. Alinipigia simu analia kwa furaha, sikuwa na njia ya kumwambia asubiri amwambie baba yake kwanza.

Kasata unaiweza, wewe una mkono. Msingi wake ni rikota, jibini laini la maziwa ya kondoo. Ukishapata jibini la kwanza, yale maji ya maziwa yanayobaki unayachemsha tena taratibu, yatapanda mawingu meupe. Yachote kwa upawa na uyaache yachujike kwenye kitambaa, kwenye friji, mpaka kesho yake. Kisha lipitishe kwenye chujio mara mbili, na sukari, mpaka ulimi usiseme kuna punje. Keki ya mayai ya kawaida, uikate vipande, uitandaze ndani ya bakuli pana. Wenyewe huilowesha kwa pombe. Sisi kwa maji ya maua ya mchungwa. Pembeni unazungusha lozi zilizosagwa na kukandwa kwa sukari, zenye rangi ya kijani. Jaza rikota, funika kwa keki, pindua, paka sukari nyeupe juu, upambe kwa matunda yaliyopikwa kwenye sukari. Vipimo sina. Mama mkwe huangalia tu, nami nimejifunza kuangalia.

Hayo maji ya maua nikuelezee yalikotoka, kwa sababu hujapata kuniuliza. Mwaka 2000, siku ya harusi yangu, baba alikuwa amenikasirikia kwa kuolewa na fundi mitambo wa Kitaliana aliyekuja kufanya kazi Ghala, hapo Mascat. Kwamba alisilimu na kuitwa Hatem haikumtosha. Sikumtarajia baba, na mama alishatangulia. Nilikutarajia wewe. Mama mkwe, ambaye kabla yetu hakuwahi kumpikia Mwislamu, alikwenda kwa jirani yake wa Kitunisi kumuuliza bibi harusi wa Kiislamu anakula nini na hali nini. Akaiacha pombe aliyoitia kwenye kasata maisha yake yote, akatia maji ya maua. Nikamlisha yeye tonge la kwanza. Hakujua ni ada ya nani, akafungua kinywa tu.

Barua yako imeitaja keki mara nyingi, Da Mastura. Nimeisoma tena, na tena. Sijaona mahali uliponikaribisha harusini.

Kheiria


Mawaleh
24 Oktoba 2024

Kheiria,

Salamu. Sote wazima. Kaka Bakhit kauza mbuzi watatu na anaomboleza kama kafiwa. Saud kaanza kutembea jioni pembeni ya barabara, anakwenda mpaka duka la kwanza na kurudi na aiskrimu.

Nimeipika kasata yako. Maziwa nilimfuata kaka Bakhit mpaka Amerat, nikakaa saa nzima kwenye foleni ya magari kurudi, debe la maziwa miguuni. Mawingu yakapanda kama ulivyosema, nikafurahi kama mtoto. Nikayafunga kwenye kitambaa na kuyaweka kwenye friji mpaka kesho yake. Keki ikatoka nzuri, wallahi, ungeiona. Kijani chake, weupe wake, cherizi juu.

Raghad akarudi kutoka kazini, nikamkatia. Akatafuna. Akanitazama. Akatafuna tena.

"Mama," akasema, "kasata yako ina papa."

Saud anaweka papa wake mkavu kwenye friji, kwenye karatasi, anamtunza kuliko mahari. Ile rikota imekaa juu yake usiku kucha ikanywa harufu yote. Raghad alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Saud naye akaonja, akasema mbona haina kosa, akaongeza kipande. Ningecheka na mimi, maana mambo yenyewe ni ya kuchekesha. Lakini nikamsikia Raghad chumbani kwake anakupigia, "Mamdogo, njoo tu, mama kashindwa."

Kashindwa! Mimi! Kumi na saba, Kheiria!

Sasa niambie. Nilikuandikia usibakize kitu. Ulishindwa nini kuandika kwamba jibini hili linakunywa kila harufu iliyo karibu, kwamba lifunikwe? Neno moja tu. Wewe umelipika miaka ishirini na nne, hukulijua hilo? Au ulilijua?

Unasema sikukukaribisha. Basi njoo. Umeshakaribishwa na mwenye harusi, mimi ni nani niseme vingine.

Mastura


Palermo
19 Novemba 2024

Da Mastura,

Wote wazima, alhamdulillah.

Sikuficha. Nyumbani kwangu hakuna papa. Nina miaka ishirini na nne sijamla, sijamnunua, sijanusa harufu yake, ndiyo maana halikunijia. Nilidhani hilo lingekuhuzunisha kidogo kabla ya kukuudhi.

Nafika tarehe 14 Januari, peke yangu. Hatem anabaki na mama yake. Kaka Bakhit nimeshamwomba maziwa. Kwako nahitaji kitu kimoja, chumba kidogo chenye kiyoyozi kizuri, kisicho na harufu ya chochote, cha kuiweka keki siku ya harusi mpaka ipelekwe ukumbini.

Unaweza pia kuniambia kama unataka tupike pamoja, mimi na wewe, kama tulivyokuwa tukipika na mama. Tungelishwa wote wawili. Mimi ningependa.

Kheiria


Kikaratasi juu ya friji, Mawaleh
25 Januari 2025

Da Mastura,
Nimebadilisha tiketi. Shemeji Saud ananipeleka uwanja wa ndege. Hujaamka na sikutaka kugonga. Mwambie kaka Bakhit maziwa yake hayana mfano.
K.


Mawaleh
6 Februari 2025

Kheiria mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Huku kuna baridi ya kutosha kuvaa sweta asubuhi, na Saud analivaa mpaka mchana ili watu wamwone. Raghad na Taimur wamerudi safari yao, wanene na wenye furaha. Nyumba imekuwa kubwa. Nikipita chumbani kwake naingia, natoka, sina nilichokwenda kufanya.

Barua yako ya Novemba sikuijibu. Nilijibu kwa kukuandalia chumba, na la kupika pamoja nikalinyamazia. Nilitaka tonge zima. La nusu na wewe sikulitaka. Nimekuwa nikikunyamazia mambo muda mrefu, leo nataka niseme. Ya mbele ya watu siku ile uliyaona. Nikwambie ya nyuma.

Siku tatu ulizokaa jikoni kwangu nilikuwa nakutazama. Ulikuwa unaimba. Raghad alikuja kukaa kwenye kile kiti cha plastiki, mara anakupa kijiko, mara anakupangusa jasho. Mlikuwa mnasema Kitaliana, maneno mawili matatu, mnacheka. Mimi ndiye mwenye jiko, nikawa napita kama mgeni anayetafuta choo. Nikiingia mnanyamaza, halafu mnaendelea kwa Kiswahili, kwa adabu. Ile adabu yenu ndiyo iliyoniua.

Alhamisi, baada ya Adhuhuri, keki ilikuwa mezani kwenye chumba kidogo, kiyoyozi kinavuma. Nilikwenda kuitazama. Ilikuwa nzuri, Kheiria. Ningekuwa sijui imetoka mkononi mwa nani, ningesema mama karudi. Nikafikiri, jioni mwanangu atakata hapa, atachukua kwa vidole vyake, atapita mbele yangu. Na watu wote wataona anapita.

Ulikwenda kuoga ukaswali Alasiri. Nguo ya Raghad ilikuwa haijafukizwa. Ningeweza kuifukiza chumbani kwangu, chumbani kwa Raghad, barazani, popote. Nikachukua kile kitenga cha kufukizia nguo, nikachukua chetezo, nikatia makaa na udi ule mzito, wa mama, uliobaki kidogo nikiuficha kwa ajili ya siku hii. Nikaviingiza kwenye chumba cha keki. Nikazima kiyoyozi. Nikafunga mlango.

Nilijua ninachofanya. Papa alikuwa amenifundisha. Nilikaa nje ya mlango kama nusu saa, na Kheiria, wakati wote nilikuwa najiambia nafukiza nguo ya mwanangu, kuna ubaya gani kwa mama kufukiza nguo ya mwanawe. Ulipotoka kuswali nilikuwa nimeshafungua madirisha. Ulipita ukasema, "Udi wa mama huo." Nikasema, "Naam, kwa nguo." Ukatabasamu. Lile tabasamu bado linanikereketa.

Ukumbini unakumbuka. Mahbuba, shangazi yake Taimur, kashika kipaza sauti, anataka kila mtu anyamaze. Raghad akakata. Akachukua tonge, akapita mbele yangu kama nilivyojua atapita, akakulisha wewe. Nikawa nimesimama nangojea uso wako ukunjamane. Nilitaka watu waone. Namwomba Mungu anisamehe, hicho ndicho nilichokuwa nangojea siku ya harusi ya mwanangu wa pekee.

Ukatafuna. Ukanitafuta kwa macho mpaka ukaniona. Ukameza. Halafu ukamwomba Mahbuba kipaza sauti ukasema, "Kasata hii nimeipika mimi, lakini udi ulio ndani yake katia dada yangu Mastura. Ni udi wa mama yetu."

Vigelegele! Mahbuba akaonja akapiga kelele, "Ya salaam! Keki iliyofukizwa, hii sijaiona si Mascat wala Unguja!" Kila mtu akataka kipande. Nilitaka iharibike, ikapendwa. Raghad akaja mbio na nguo yake yote ile, machozi yanamtoka, akasema, "Mama, mbona hukuniambia mlipika pamoja?" Akanilisha. Lile tonge nililolisubiri miaka ishirini na tatu, nikalimeza na udi wangu mwenyewe, nalo likakwama hapa mpaka leo. Watu tangu siku ile wananipigia simu. Kawthar binti Safwan anaolewa baada ya Idi, mama yake anataka "ile ya madada wawili". Nimwambie nini?

Na wewe Jumamosi ukaondoka, bila kungojea chakula cha mchana cha wakwe.

Unajua wivu huu ni wa zamani. Siku ya harusi yangu nimekaa kitini, hina mpaka viwikoni, siruhusiwi kucheka, na kila mwanamke anayekuja kunitunza anamuuliza mama, "Na huyu mdogo, lini?" Mdogo, mdogo, mdogo. Ulikuwa na miaka kumi na minane unagawa sharubati na ukumbi mzima unakutazama wewe. Halafu ukachagua mume mwenyewe. Mimi nilichaguliwa. Saud ni mtu mwema, namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini nilichaguliwa. Na harusi yako niliyosema siwezi kuja kwa sababu nina mimba ya miezi saba, ilikuwa ya miezi minne. Ndege ingenipokea. Baba mwenyewe aliniambia, nenda wewe, mimi siwezi. Nikasema daktari kakataa.

Nimesema. Sasa niambie wewe jambo moja, na usinihurumie. Ulipochukua kipaza sauti, ulikuwa unanisitiri au unanichoma? Nimejiuliza kila nikisujudu.

Na jingine, ambalo ndilo hasa. Mwanangu bado wangu? Wewe ulikaa naye mwaka mzima, wewe unajua. Nimelishwa, ndiyo, lakini kwa uongo. Kama moyo wake umehamia kwako, niambie tu, nitajifunza kukaa na hilo.

Dada yako,
Mastura


Palermo
12 Machi 2025

Da Mastura wangu,

Ramadhani karim. Barua yako imefika siku ya kwanza ya mwezi, na nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nachana. Huku siku bado ni fupi, tunafuturu mapema kuliko miaka ile Ramadhani ilipoangukia kiangazi, hatulalamiki. Hatem anafunga na analalamika. Mama mkwe nimemweleza kwamba kasata yake ilifukizwa udi. Akauliza udi ni kitu gani, akanusa kile kipande cha udi nilichokuja nacho, na wiki iliyopita nikamkuta jikoni kakiwasha kiberiti chini ya bakuli la rikota. Nyumba ilijaa moshi majirani wakatoka nje.

Umeniambia nisikuhurumie. Vizuri.

Nilijua kabla sijameza. Nilijua tangu pale mlangoni, nadhani, uliposema "kwa nguo", lakini nilijikatalia. Tonge lilipogusa ulimi nikakutafuta ukumbini, na uso wako ukasema yote. Nilikuwa na hasira, Da Mastura. Sikukusitiri. Nilitaka wakupigie vigelegele kwa jambo hilo, kila mmoja wao, uwe unashukuriwa maisha yako yote kwa ubaya ulionifanyia na usiweze kusema. Nilichagua kitu kibaya kuliko aibu. Halafu nikamwona Raghad anakukimbilia, na nikashindwa kukaa. Siku mbili nilijaribu. Ndiyo maana ya kile kikaratasi.

Kwa hiyo la udi tumelipana. La miezi minne nililishuku tangu Raghad alipozaliwa, lakini kukiri kwako kumeniuma zaidi. Nimelisoma, nikaliweka, nikaenda nje kununua mikate nisiyoihitaji. Nakusamehe, lakini usinitake nilisahau mwezi huu.

Hilo la pili ulilouliza, ndilo hasa, nami lazima nilijibu kwa sababu nafunga na sitaki kufuturu na uongo.

Mimi sikujaaliwa mtoto. Unajua, na hukuwahi kuniuliza, nami nilishukuru hukuniuliza. Raghad alipokuja na sanduku lake la zambarau nilimtayarishia chumba kwa mwezi mzima. Nilimpikia kila alichopenda, kisha nikampikia vitu ambavyo wewe huvijui, makusudi, ili apende na vya kwangu. Kasata ya kila Ijumaa. Niliposikia anasema kwenye simu, "mama hajui kutengeneza hii," nilifurahi mchana mzima. Unaona? Wewe umefanya kwa nusu saa. Mimi nilifanya kwa mwaka.

Na kuna jambo halijui yeyote, hata Hatem.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Raghad aliugua. Homa kali, siku saba, daktari alikuja nyumbani mara mbili. Akaniapisha nisikwambie, anasema utapanda ndege ya kwanza. Nikaapa haraka mno. Dada mwenye nia safi angesema hapana, angekupigia hapohapo. Mimi nilizitaka siku zile saba. Nilitaka awe mgonjwa kwangu na apone kwangu.

Siku ya tatu, mchana, homa ilimpanda akawa hajui alipo. Hatem alikuwa kazini. Nilikuwa mlangoni na glasi ya maji. Macho kayafumba, midomo imemkauka, akasema, "Mama." Nikasimama. Akasema tena, "Mama, nna kiu." Na mara ya tatu kwa sauti ile ya mtoto mdogo, ya kukaribia kulia.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningekupigia, ningeiweka sikioni mwake, akasikia sauti yako. Dakika moja tu. Badala yake niliingia, nikakaa kitandani, nikamwinua kichwa nikakiweka kifuani kwangu, nikamnywesha. Homa ilipotoka aliniambia, "Mamdogo, nlimwota mama kaja, kaninywesha maji." Nikamwambia ni ndoto njema, mshukuru Mungu.

Mwaka mzima nilimpikia, nikamfunza, nikamchekesha, na alipopotewa na akili yake yote halikumtoka kinywani jina langu. Alikuwa anakuita wewe, Da Mastura. Mimi ndiye niliyeitika.

Kheiria